Misukosuko midogo ya roketi: uichunguze kwa kompyuta ya analogi, programu, au kalamu na karatasi?

Nozeli ikikaa kombo kwa robo ya digrii, pezi moja likigundishwa upande, au dharuba ya upepo ya mita 5 kwa sekunde ikiipiga roketi ubavuni inapotoka tu kwenye reli, pua huanza kuyumba. Anayeisanifu anataka kujua mawili: je, kuyumba huko kutafifia au kutakua, na roketi itakuwa imeacha njia yake kwa kiasi gani mwisho wa safari.

Njia za kupata jibu ziko tatu, na zote bado zinatumika: kompyuta ya analogi, ambayo volteji zake hufuata milinganyo ileile ya roketi, programu kwenye kompyuta ya kawaida, na kalamu, karatasi na kikokotoo. Anayeanza hukwama kwa sababu kila upande una watu wanaoapa kwa jina la chombo chao.

Kabla ya kuchagua, kuna uamuzi mmoja unaotangulia vyote: unahesabu safari nzima, au unahesabu mkengeuko peke yake? Kompyuta ya analogi iliyo nzuri hukosea kama sehemu 1 kwa 1,000 ya kipimo chake kamili, yaani thamani kubwa kabisa inayoweza kuibeba. Ukiipa kilomita 100 za kimo kama kipimo kamili, kosa lake ni mita 100. Mkengeuko wa mita 50 unaoutafuta umemezwa na hutauona hata urudie mara ishirini. Lakini ukiandika mlinganyo wa tofauti tu kati ya njia iliyokusudiwa na njia halisi, mita 100 za mkengeuko ndizo zinakuwa kipimo kamili, na kosa linashuka hadi sentimita 10. Mashine ni ileile, waya ni zilezile. Kwenye karatasi pia utahitaji mlinganyo wa mkengeuko, maana safari nzima haina jibu la kuandikika. Programu ndiyo isiyojali: namba za tarakimu 15 au 16 zinatosha kuhesabu safari mbili nzima na kutoa moja kwa nyingine.

Tutalinganisha kwa nini

Vigezo ni vitano: kazi ya kuandaa, usahihi na makosa yanayojificha, urahisi wa kubadilisha namba na kuona matokeo, uwezo wa kufuata roketi ambayo sifa zake zinabadilika angani, na gharama. Ili ulinganisho usiwe wa maneno matupu, njia zote tatu zitapewa swali moja.

Roketi ya mapezi isiyo na usukani inaruka kwa mita 100 kwa sekunde. Upepo wa pembeni wa mita 5 kwa sekunde unaanza ghafla na kuendelea. Hewa sasa inaijia roketi kwa pembe w = 5/100 = 0.05 radiani. Mapezi yanaivuta pua ielekee hewa inakotoka, na pembe ya pua θ inafuata:

θ'' + 2ζω θ' + ω² θ = ω² w

Hapa θ' ni kasi ya θ kubadilika, θ'' ni kasi ya θ' kubadilika, ω ni kasi ya kuyumba, na ζ ni uwiano wa kufifia. Kwa mfano wetu ω = 4 kwa sekunde na ζ = 0.1. Tunachukulia kwamba katika sekunde chache za mwanzo mwendo wa roketi haubadiliki na mwelekeo wa njia yake bado haujageuka.

Kuandaa kazi

Karatasi inamaliza kwa dakika kumi. Mzunguko mmoja wa kuyumba ni 2π/(ω√(1−ζ²)) = sekunde 1.58. Kilele cha kwanza ni w(1 + e^(−πζ/√(1−ζ²))) = 0.05 × 1.729 = radiani 0.0865, karibu digrii 5, na kinatokea sekunde 0.79 baada ya upepo kuanza. Kila mzunguko unabakiza asilimia 53 ya yumbo lililotangulia, hadi pua itulie kwenye radiani 0.05. Zihifadhi namba hizi, maana ndizo zitakazoukagua mfumo mwingine wowote utakaoujenga.

Programu inahitaji kama mistari ishirini ya Python, lugha ya kuandikia programu: vigeu viwili (θ na θ'), kitendo kinachotoa kasi za mabadiliko yake, na kitanzi cha Runge–Kutta cha daraja la nne (mbinu ya kusogeza hesabu mbele hatua kwa hatua) chenye hatua ya sekunde 0.01. Asiyetaka kuandika chochote ana OpenRocket, ambayo ni ya bure na huigiza roketi ndogo ikiwa na uhuru wote sita wa mwendo, upepo ukiwemo.

Kompyuta ya analogi ndiyo inayodai maandalizi, na wengi hukata tamaa hapa. Volteji haiwezi kupita kiwango cha mashine: ±10 V kwa mashine za transista, ±100 V kwa zile kubwa za balbu. Kwa hiyo unakadiria kwanza kila kigeu kitafika wapi. Tuseme θ haitavuka 0.1 na θ' haitavuka 0.4. Weka X = θ/0.1 na Y = θ'/0.4, ambapo 1 ni sawa na volti 10. Mlinganyo unagawanyika kuwa:

X' = 4Y
Y' = 4U − 4X − 0.8Y, ambapo U = w/0.1 = 0.5

Sasa waya. Intigreta, yaani sehemu inayokusanya volteji kadiri muda unavyopita, hugeuza ishara ya inachopokea. Intigreta A inapokea vitu vitatu: volti 10 za rejea kupitia potenshiometa (kitasa kinachopunguza volteji) iliyowekwa 0.2, kwenye tundu la mara 10, yaani linalozidisha kwa 10 (hiyo ndiyo 4U); −X kupitia 0.4, tundu la mara 10. Na pato lake lenyewe, ambalo ni −Y, kupitia 0.8, tundu la mara 1. Pato la A linakwenda kupitia 0.4 kwenye tundu la mara 10 la intigreta B, na B inatoa X. Kigeuza-ishara kimoja kinaifanya −X irudi kwa A. Jumla: intigreta mbili, kigeuza-ishara kimoja, potenshiometa nne. Ukiwasha na kuanza na sifuri kote, X inapaa hadi volti 8.65 na kutulia kwenye volti 5.

Hesabu mageuzo ya ishara katika kila kitanzi kabla ya kuwasha. Lazima yawe witiri: moja, matatu, matano. Ukikisahau kile kigeuza-ishara, kitanzi kikubwa kinabaki na mageuzo mawili, mapezi yanaanza kuisukuma pua badala ya kuirudisha, na ndani ya sekunde moja au mbili taa ya kuzidiwa inawaka.

Usahihi, na makosa yanayojificha

Karatasi haikosei kabisa kwa mlinganyo uliopewa. Kosa lake liko kwenye mlinganyo wenyewe: umezigandisha ω na ζ, na umechukulia kila kitu ni cha mstari, yaani sababu ikiongezeka maradufu matokeo nayo yanaongezeka maradufu. Hesabu safi hadi tarakimu ya nne inaweza kumfanya mtu asahau hilo.

Programu ina mtego unaowanasa wanafunzi kila mwaka. Mbinu ya Euler, ile ya "thamani mpya = ya zamani + kasi × hatua", huiba ufifiaji. Uwiano unaobaki ni takriban ζ − ωh/2, h ikiwa hatua ya muda. Kwa roketi yetu, hatua ya sekunde 0.01 inaishusha ζ kutoka 0.1 hadi 0.08, na kilele kinasoma 0.0889 badala ya 0.0865. Kwa hatua ya sekunde 0.05 kuyumba hakufifii kamwe. Zaidi ya hapo kunakua, na msanifu anaanza kuongeza mapezi kwenye roketi isiyo na ugonjwa wowote. Runge–Kutta ya daraja la nne kwa hatua ya 0.01 haina tatizo hilo kwa kiwango unachoweza kukiona. Kanuni ya kujilinda: punguza hatua kwa nusu, endesha tena. Jibu likihama, hatua ilikuwa kubwa.

Analogi ina makosa mengi zaidi, ila mengi yanajulikana na yanapimika.

La kwanza ni mzigo wa potenshiometa. Potenshiometa ya kilohm 10 ukiisoma 0.4 ikiwa peke yake, kisha ukaiunganisha kwenye tundu la mara 10 lenye rezista ya kilohm 100, inatoa 0.391. Zile 0.4 mbili zikikosewa hivyo, mzunguko wa kuyumba unakuwa sekunde 1.62 badala ya 1.58. Dawa ni kuipima na kuiweka waya zikiwa tayari zimechomekwa mahali pake. Tundu la mara 1, lenye megaohm 1, karibu halina shida hiyo.

La pili ni kuhama kwa intigreta. Opampu, yaani kikuza-volteji kilicho ndani ya kila intigreta, yenye kosa la milivolti 3 kwenye ingizo, ikiwa na megaohm 1 na mikrofaradi 1, huongeza milivolti 3 kila sekunde. Ndani ya kitanzi chenye mrejesho, kama cha θ, hilo linaishia kuwa kosa dogo lisilokua. Lakini ukiunganisha intigreta ya wazi, isiyo na mrejesho, ili kupata umbali ambao roketi imesogea upande, safari ya sekunde 60 inakusanya milivolti 180, karibu asilimia 2 ya kipimo kamili. Wengi hudhani kuiharakisha mashine kutaponya hili. Hakuponyi: ukipunguza kapasita mara 100, safari inakuwa fupi mara 100 na kuhama kunakuwa kwa kasi mara 100. Kinachosaidia ni kusawazisha opampu hadi sifuri kabla ya kila kipindi cha kazi, au kununua zinazojisawazisha zenyewe.

La tatu linadanganya vibaya kuliko yote. Kigeu kikizidi volti 10, mchoro wake unakatwa juu na kuwa bapa, nao unafanana kabisa na usukani uliofika mwisho wa mwendo wake. Kila mchoro bapa uushuku kwanza kuwa ni mashine.

Kuzungusha namba na kuona

Kwa kigezo hiki analogi inastahili sifa zake. Badili kapasita za mikrofaradi 1 ziwe za nanofaradi 1 na mashine inakwenda mara 1,000: sekunde 10 za angani zinapita kwa milisekunde 10, na zikirudiwa mfululizo mchoro unasimama tuli kwenye osiloskopu, kioo kinachochora volteji. Zungusha potenshiometa ya kufifia na uone kilele kikishuka mkononi mwako. Uhusiano kati ya namba na tabia ya roketi unaingia kwenye vidole, na hakuna chombo kingine kinachoutoa hivyo. Linganisha tu mchoro wa kasi na wa polepole mara moja: opampu zikichelewa, ufifiaji wa mwendo wa kasi utaonekana mdogo kuliko ulivyo.

Programu nayo siku hizi inajibu upesi. Safari moja ya sekunde 10 ni hatua 1,000 tu, na unaweza kuendesha safari elfu zenye upepo wa kubahatisha, kisha kuzipanga kwenye jedwali. Analogi inakuonyesha upesi, ila kutunza kumbukumbu za majaribio mia tatu kwa mkono ni adhabu.

Karatasi inafanya kitu tofauti. Haikuonyeshi namba moja baada ya nyingine; inakupa mpaka. Chukua roketi isiyo na mapezi, inayoshikwa na injini inayogeuzwa kwa pembe δ. Hewa inaipindua kwa kizigeu (namba ya kuzidisha) a, injini inairudisha kwa kizigeu b, usukani unaagizwa kwa Kp × θ + Kd × θ' (Kp na Kd ni namba anazochagua msanifu), na mota ya usukani inachelewa kwa muda τ. Kigezo cha Routh, kanuni ya kujua kutoka kwenye mlinganyo kama kuyumba kutafifia, kwenye mlinganyo wake wa daraja la tatu kinatoa masharti mawili tu: Kp izidi a/b, na Kd izidi τ × Kp. Usukani ukichelewa sekunde 0.1 na Kp ikiwa 1, Kd ya 0.09 itaiangusha roketi bila kujali injini ina nguvu kiasi gani. Mtu anaweza kuzungusha potenshiometa wiki nzima asigundue kwamba b imetoweka kwenye sharti la pili.

Sharti hilohilo ndilo lililokuwa mezani kwa Helmut Hoelzer kule Peenemünde, Ujerumani, mwanzoni mwa miaka ya 1940. Roketi ya A-4, ambayo baadaye iliitwa V-2 na kuua raia wa London na Antwerp, ilihitaji kujua kasi ya kugeuka kwa pua yake (θ') ili ifishe kuyumba. Badala ya jairo (vyombo vyenye gurudumu linalozunguka) za kupima kasi, Hoelzer alitumia saketi ya kapasita na rezista kuitoa kasi hiyo kutoka kwenye ishara ya pembe. Kisha akajenga kompyuta ya analogi ya elektroniki ili aijaribu saketi hiyo bila kurusha roketi. Baada ya vita alihamia Marekani na kuongoza maabara ya hesabu katika kituo cha NASA cha Marshall, Huntsville.

Roketi inayobadilika kadiri inavyopanda

Mafuta yanaungua, mwendo unaongezeka, hewa inapungua. ω ya roketi ya mapezi hukua na mwendo na kushuka na wembamba wa hewa, hivyo 4 ya mwanzoni si 4 ya sekunde ya 20. Kwenye karatasi unaikata safari vipande na kuigandisha kila kipande. Hilo linakubalika pale vizigeu vinapobadilika polepole kuliko kuyumba kwenyewe. Karibu na mwendo wa sauti halikubaliki.

Kwenye analogi kila kizigeu kinachobadilika kinadai kizidishi na chanzo cha volteji inayokifuata. Chipu ya bei nafuu ya kuzidisha, kama AD633, inaweza kukosea hadi asilimia 2 ya kipimo kamili. Sehemu nazo huisha upesi. The Analog Thing, mashine ndogo ya kisasa kutoka Ujerumani, ina intigreta 5 na vizidishi 2. Kuyumba kwa pua ni intigreta 2, kusogea upande 2, mota ya usukani 1: zimekwisha. Kucheza kwa mafuta tankini kunataka 2 zaidi, na kupinda kwa mwili wa roketi 2 nyingine. Mashine kadhaa zinaweza kuunganishwa, lakini hapo mfuko nao unaingia kwenye hesabu.

Programu haijali. Weka jedwali la tungamo na msukumo, weka kikomo cha usukani, weka chochote.

Scout ni mfano mzuri wa ugumu huu, na watu wa Malindi wameiona ikipaa: roketi ya Marekani ya hatua nne iliyorushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini, ikiwemo iliyobeba Uhuru, setilaiti ya kuchunguza eksirei za angani, tarehe 12 Desemba 1970. Hatua yake ya kwanza iliongozwa kwa mapezi na vibao ndani ya moto wa injini, ya pili na ya tatu kwa mivuke ya peroksidi ya hidrojeni, na ya nne ilizungushwa kama pia ili nozeli iliyo kombo isivute upande mmoja tu. Kila hatua ni mlinganyo wake. Kwenye analogi hiyo ni mipango minne ya waya. Kwenye programu ni vitendo vinne ndani ya faili moja.

Bado kuna swali moja ambalo mashine za analogi zililijibu kwa werevu: "Dharuba ikipiga sekunde ya 3, au ya 7, au ya 15, ipi itaharibu zaidi mahali pa kufika?" Badala ya kuendesha safari mara mia, unaupindua mpango wa waya. Kila mshale unageuzwa, ingizo linakuwa pato, mahali pa kujumlisha panakuwa pa kugawanya, na vizigeu vya muda vinaendeshwa kutoka mwisho kurudi mwanzo. Unaipa thamani ya mwanzo ya 1 intigreta ya kile unachotaka kukijua mwishoni, kisha unasoma pale upepo ulipokuwa ukiingia. Mchoro mmoja unakupa uzito wa dharuba ya kila sekunde ya safari. Ukiupiga mraba na kuukusanya kwa intigreta moja zaidi, unapata mtawanyiko unaoletwa na upepo wa kubahatisha, kwa mwendo mmoja tu. Mbinu hii inaandikika pia kwa Python, na inashangaza kuwa wachache huitumia. Masharti yake ni kwamba mfumo uwe wa mstari. Usukani ukigonga kikomo, rudi kwenye safari elfu.

Gharama

Karatasi na programu ni karibu bure ukiwa na kompyuta. Saketi ya mfano wetu unaweza kuijenga kwa chipu moja ya TL074 yenye opampu nne, kapasita za filamu (usitumie za elektroliti, zinavuja), rezista za asilimia 1 na usambazaji wa umeme wa ±15 V. Osiloskopu ndiyo ghali.

Ipi kwa hali ipi

Unafundisha, au unajifunza, na unataka kuelewa kwa nini roketi yenye mapezi makubwa mno hugeukia upepo: analogi ndogo ya intigreta mbili, ukiwa na namba za karatasi pembeni.

Unarusha roketi ya klabu na unahitaji kujua itaangukia wapi: programu iliyo tayari, kwa upepo wa viwango vitatu au vinne. Analogi itakupotezea wiki.

Unachagua Kp na Kd za usukani: anza na Routh kwenye karatasi upate mipaka, kisha programu yenye kikomo cha usukani na ucheleweshaji halisi wa mota.

Una usukani wa kweli mezani na unataka kuujaribu ukidhani uko angani: analogi inapokea volteji ya kipima-pembe moja kwa moja na kujibu papo hapo, bila kusubiri hatua ya muda. Programu inaweza pia, ila inahitaji kibadilishi cha ishara na kitanzi kisichochelewa. Ucheleweshaji wowote wa kitanzi uujumlishe kwenye τ.

Umerithi mashine ya zamani ya balbu: iache ipate moto nusu saa kabla ya kusawazisha sifuri, na kumbuka kuwa opampu za balbu kama K2-W hulishwa ±300 V. Zima na usubiri kapasita zitoe chaji kabla ya kuingiza mkono nyuma ya paneli.